Nyanzala Hayumo Kwenye Filamu

Ilembo, Mpanda
18 Februari 2024

Mpendwa dada Yustina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu wako wa kushoto umetulia. Huku hatujambo. Suzana anakusalimu. Binti yetu Skola ameingia darasa la tatu, amepewa kalamu ya wino, na sasa anaandika jina lake kila anapopata nafasi, hata ukutani. Mvua zimekubali. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamenifika kifuani, na nimeshaanza kuwaringia majirani.

Nakupigia simu tangu Krismasi, inaita mpaka inachoka yenyewe. Mwenye duka anayekuchajia anasema simu ni nzima na unaichukua kila Jumanne. Basi nimeona niandike, nimpe kondakta wa gari la huko, maana barua haina kitufe cha kukata.

Nina jambo la furaha. Shuleni tuliletewa projekta, nikawaonyesha wanafunzi wa klabu ya kusoma filamu ya Kaya ya Nkwabi. Dada, nililia mbele ya watoto wa watu! Mzee Nkwabi anahama kutoka kaskazini na ng'ombe wake, anavuka mito, anafika bonde la Majimoto, analima mpunga, anazeeka. Mwisho yeye na mkewe wamekaa mlangoni, watoto wao watatu wamesimama nyuma, ng'ombe wanarudi. Saa mbili tu, lakini umeona maisha yote. Nimeitazama mara tatu. Kitabu chenyewe nilishakisoma zamani, kile kinene alichokuwa nacho mama kabatini, na niliwaambia wanafunzi kwamba filamu imekifuata hatua kwa hatua.

Sasa kuhusu misa ya mwaka mmoja wa mama. Tumepanga Jumamosi tarehe 12 Oktoba. Kaka Ambrosi atatoka Dodoma, dada Restituta atatoka Tabora, na wakwe zangu watakuja tena. Padri atasoma misa hapo nyumbani, tutasimika msalaba wa saruji, na mimi nitasoma wasifu wa marehemu kama siku ya mazishi, maana watu waliusifu sana. Nyumba na jiko viko mikononi mwako, kwa hiyo tunakutegemea.

Ndimi mdogo wako,
Deo


Kapalamsenga
21 Aprili 2024

Deo,

Barua yako imefika. Kondakta aliishusha Ikola kwa makosa, ikakaa wiki kadhaa kwa mwuza chumvi, ikanifikia imelowa pembeni. Nimefurahi kusikia habari za Skola. Bibi yake alipenda mtu mwenye maandishi makubwa.

Mguu ni uleule. Ziwa limepanda, limechukua matuta yote ya mchicha ya kule chini. Kuku wa mama wamebaki saba. Yule jogoo wake mwenye kiburi alibebwa na kenge, na sikumlilia. Chumba cha mama nimekipaka chokaa. Kitanda nimekiacha kilivyo.

Simu naisikia. Kwenye simu wewe una maneno mengi, na u mwepesi wa kusema pole. Mtu akiambiwa pole analazimika kujibu asante, na mimi sina asante ya kutoa kwa sasa. Andika tu.

Umesema kitabu umekisoma. Vizuri. Basi niambie, Nyanzala umemwonaje? Mimi ndiye niliyempenda kuliko wote.

Kuhusu tarehe 12 Oktoba, ufunguo wa nyumba nitamwachia bibi Pudensiana hapo jirani. Sufuria kubwa ziko chini ya kitanda, vifuniko viko juu ya kabati. Mimi siku hiyo nitakuwa Karema kwa masista, nimeshaomba nafasi. Njooni mfanye misa yenu.

Yustina


Ilembo, Mpanda
5 Mei 2024

Mpendwa dada,

Shikamoo. Ile ya kwanza hukuiitikia. Nadhani ndiyo iliyolowa.

Sisi ni wazima, isipokuwa Suzana alipata malaria wiki iliyopita na ameshapona. Mahindi tumeanza kuyachoma. Pole kwa mchicha, na pole kwa jogoo pia, ingawa umenikataza kusema pole.

Nyanzala! Nani asiyempenda? Hasa pale kwenye harusi anapoongoza ngoma, na kile kicheko chake kinachomfanya hata mzee Nkwabi acheke. Aliyeigiza nafasi hiyo kwenye filamu amemtendea haki kabisa. Ndiyo maana nasema filamu imekifuata kitabu.

Lakini dada, umeandika "misa yenu." Yenu ya nani? Ni misa ya mama. Usipokuwepo watu watauliza, na nitawajibu nini? Kama kuna neno lililokukwaza siku ya mazishi, ujue mwongoza ratiba alinipa dakika tano tu, na mbele yangu walikuwepo padri, mwalimu mkuu na wakwe. Mtu hawezi kusema yote kwa dakika tano. Tafadhali futa hiyo nafasi ya Karema.

Mdogo wako,
Deo


Kapalamsenga
2 Juni 2024

Deo,

Mwambie Suzana apumzike, malaria hurudi kwa mtu anayekimbilia jembe. Huku upepo umeanza na dagaa wanakauka vizuri. Bibi Pudensiana ameanguka kwenye ngazi za kanisa lakini ulimi haukuumia, anakusalimu sana.

Nyanzala hachezi ngoma popote, si kwenye harusi, si kwingine. Hacheki kwa sauti hata mara moja ndani ya kurasa mia sita na kumi na mbili. Na kwenye filamu hayumo kabisa. Mjukuu wa bibi Pudensiana anayo kwenye simu yake. Niliitazama yote, halafu nikairudia nikidhani nilisinzia. Wamemtoa. Huyo msichana uliyemwona akicheza ngoma ni mtu mwingine, na wewe kitabu hujakigusa.

Sikukuuliza ili nikukamate. Niliuliza kwa sababu nilidhani kweli umekisoma, nikashindwa kuelewa mtu aliyekisoma anawezaje kuniandikia barua kama ile.

Nakitumia kwa kondakta. Ni kilekile cha mama. Macho yake yalipoondoka mimi ndiye niliyemsomea, kurasa chache kila alasiri baada ya kumwogesha. Ni miaka tisa, Deo. Kitabu hicho tulikimaliza mara mbili. Hayo mafuta utakayoyaona pembeni ni ya vidole vyangu, nilikuwa namkanda miguu huku nikifunua. Kuna kitambaa chekundu ukurasa wa 431. Aliniambia nikiweke yeye mwenyewe. Usirukie hapo, anza mwanzo kama watu wengine.

Na kuhusu dakika tano, mwenye maturubai ulipata nafasi ya kumtaja.

Yustina


Ilembo, Mpanda
30 Juni 2024

Dada Yustina,

Shikamoo.

Kitabu nimekipokea, kimefungwa kwenye kanga ya mama. Niliijua kabla sijaifungua, na nikakaa nayo mapajani pale stendi kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mwambie bibi Pudensiana nampa pole ya kuanguka.

Naona aibu. Sitaizungusha. Nimedanganya mara mbili kwa wino wangu mwenyewe, mimi mwalimu wa Kiswahili, tena kwa dada yangu aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Sikuwahi kukisoma. Nilikifungua siku moja nikiwa kidato cha nne, nikaona unene wake, nikakirudisha kabatini. Ile ngoma ya harusini niliitunga. Nilitafuta msichana yeyote kwenye filamu anayeweza kuwa Nyanzala.

Ijumaa niliwaeleza wanafunzi wa klabu kwamba niliwaambia uongo. Walicheka. Halafu binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na vile vitabu vingine ulivyosema umesoma?"

Basi nasoma. Nimefika ukurasa wa 88 na bado hawajavuka hata mto mmoja. Kwenye filamu walikuwa wameshafika Majimoto kabla sijamaliza karanga zangu. Kuna kurasa nne nzima za ndama aliyekataa kunyonya. Mwanzoni nilikereka, kisha nikagundua kwamba sisomi kitabu, naitafuta filamu ndani yake. Nikikuta kitu nilichokiona, nafurahi. Nikikuta nisichokijua, nairuka mistari. Nimerudi ukurasa wa kwanza, nimeanza tena.

Mambo ya Oktoba tutayaongea baadaye.

Deo


Ilembo, Mpanda
11 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo.

Hujanijibu, na sasa najua kwa nini. Habari za nyumbani ni njema, nitazisema siku nyingine.

Nimemfikia Nyanzala ukurasa wa 203. Mzee Nkwabi anarudi kutoka mnadani kwa baiskeli, na nyuma kwenye kiti cha mizigo kuna mtoto wa kike wa miaka mitatu amefungwa kwa koti lake. Mkewe, Mama Nashon, yuko uani anapepeta mpunga. Anamtazama mtoto, anamtazama mumewe, haulizi. Anaweka ungo chini, anachota maji, anamwogesha yule mtoto, anamlaza katikati ya wanawe. Asubuhi anamwita kama alivyowaita wenzake. Basi. Nusu ukurasa tu. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikamwambia Suzana naenda kuangalia mahindi, na mahindi tulishayavuna.

Nimesoma mpaka 431, bila kuruka. Mzee amekufa na Nashon anagawa ng'ombe mbele ya wazee. Anataja majina ya watoto, anataja matatu. Nyanzala yuko pale pale ameshika mti wa mlango wa zizi, anawapisha ng'ombe wapite mmoja mmoja. Hakuna anayesema kitu. Jioni ng'ombe wanakataa kukamuliwa na mtu mwingine, inabidi aitwe yeye, naye anakuja na kibuyu chake.

Dada, wasifu wa mama niliuandika mara mbili. Wa kwanza ulisema ameacha watoto wanne: Ambrosi, Restituta, Yustina, Deo. Niliuandika usiku uleule wa msiba, na mkono haukusita. Asubuhi Suzana akaniambia wazazi wake wameshafika Mpanda na wanakuja na mwenyekiti wa parokia yao. Nikakumbuka kwamba siku ya kujitambulisha kwao waliniuliza tuko wangapi, nami nikasema watatu. Wao ni watu wa kanisa, na baba yetu alikuwa katekista miaka thelathini. Niliona nikisema wanne wataanza kuhesabu miaka, na wakihesabu watajua kwamba mtoto wa tatu alikuja na baba, si na mama. Suzana mwenyewe nilimwambia wewe ni binti wa ndugu tuliyemlea. Nikachukua karatasi nyingine.

Halafu nikaona haifai usitajwe kabisa, nikakuweka kwenye shukrani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilidhani nimekutendea wema.

Kuna kitu hukijui. Nikiwa darasa la nne mtoto mmoja shuleni aliniambia wewe si dada yangu. Nikaenda kumwuliza mama. Aliniwasha kofi, la pekee katika maisha yangu, akasema, "Watoto wangu ni wanne. Ukihesabu vibaya tena hutakula kwangu." Nami nimehesabu vibaya juu ya kaburi lake, kwa kipaza sauti, na watu wakanipa mkono wa pongezi.

Deo


Kapalamsenga
1 Septemba 2024

Deo,

Huku wazima. Jua kali. Kuku wamefika kumi na moja. Restituta amenipigia kuuliza sufuria, nikamwambia kama nilivyokwambia wewe kuhusu ufunguo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sasa nami nikueleze ulichokuwa hukioni kutoka pale kwenye kipaza sauti.

Nilikuwa nimesimama upande wa jiko na beseni. Maji yale nilikuwa nimetoka kumwogeshea mama kwa mara ya mwisho, sikutaka kuyamwaga mbele ya watu, nikasubiri umalize. Nikakusikia unasoma vizuri, nikajisemea, mdogo wangu anasoma kama redio. Ukasema ameacha watoto watatu. Nikadhani umekosea, nikangoja urudie. Ukaendelea. Halafu zikaja shukrani. Ukamshukuru mwenye maturubai, ukamshukuru "dada Yustina kwa msaada wake kwa marehemu," ukaishukuru kwaya. Watu wa hapa wote waligeuka kunitazama mimi. Hakuna aliyekutazama wewe. Aibu ulifanya wewe, nikaivaa mimi, na beseni mkononi.

Wakati wewe unazaliwa, mimi nilikuwa nimeshaizoea ile nyumba miaka miwili. Nilijua mlango upi unalia na mama anaficha wapi sukari. Nilikubeba mpaka bega likapinda. Kwa hiyo si kwamba mlinilea. Wewe ulinikuta.

Sikuwahi kumwuliza mama alijisikiaje siku baba aliponileta, nami kwa baiskeli. Siku tulipofika kwenye mtoto wa baiskeli nilitaka kuruka kurasa, nikaona aibu kumsomea. Akasema, "Mbona umenyamaza? Soma." Nikasoma. Akaniambia, "Huyo mwandishi kasahau. Maji lazima uyapashe moto kwanza, mtoto alikuwa na baridi."

Na kuhusu kitambaa. Tulipofika 431 nilimlaani Nashon. Nilisema ni mtu wa namna gani anayemsahau aliyemkamulia maziwa. Mama akasema, "Hajamsahau huyo. Anamwonea aibu baba yake, basi anamkata dada yake. Weka kitambaa hapo, siku Deo akija umsomee." Nilimuuliza kwa nini Deo na si Ambrosi. Akanijibu Ambrosi hajali watu watasema nini.

Hukuja mwaka ule. Ulikuja kwenye mazishi.

Sijui cha kufanya na wewe, Deo. Hasira yangu ilikuwa rahisi zaidi nilipodhani ulisahau. Nafasi ya Karema bado sijaifuta.

Yustina


Ilembo, Mpanda
15 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Nimemwambia Suzana yote. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Miaka kumi na moja namwita kwa jina lake. Nilitakiwa kumwita wifi." Aliinuka akaenda kulala chumba cha Skola, na mpaka leo ananisalimia kama mpangaji. Wazazi wake bado hawajui. Watajua hapo hapo, tarehe 12, pamoja na wengine.

Naambatanisha rasimu ya wasifu mpya. Nimeandika kurasa tatu. Nimeeleza nilivyokukosea, nimeeleza hata kofi la mama, na mwisho nitapiga magoti mbele ya watu wote nikuombe radhi. Sitaki kuficha kitu tena. Soma, kata unachotaka, ongeza unachotaka. Mama alikuwa sahihi juu yangu, na kujua kwamba alijua ndiko kunakonimaliza. Alinijua hivyo na bado kila nilipokuja alinichinjia kuku.

Njoo, tafadhali. Yaani usiende Karema.

Deo


Kapalamsenga
29 Septemba 2024

Deo,

Msalimie Suzana. Mwambie Yustina linatosha kwa sasa, wifi litakuja lenyewe.

Rasimu nimeisoma na kalamu mkononi. Katika kurasa tatu, mama ametajwa mara tisa na wewe mara ishirini na sita. Huo ni wasifu wa nani? Mwaka jana ulijifanya mtoto mwema mbele ya watu. Mwaka huu unataka kujifanya mtoto mbaya mbele ya watu, na bado watu watoke wanakuongelea wewe. Usipige magoti. Utachafua suruali na padri hatajua afanye nini. Kofi la mama ni letu, lisitoke nje ya nyumba.

Kwenye shukrani nitoe. Mtoto hashukuriwi kwa kumwogesha mama yake.

Nimekuachia mstari mmoja na nimeuandika upya hapa chini. Soma hivyo hivyo, kwa sauti ileile ya mwaka jana, usilie:

Marehemu ameacha watoto wanne: Ambrosi, Restituta, Yustina na Deo.

Kama nitakuwepo au sitakuwepo, nitajua mwenyewe siku hiyo.

Yustina


Ilembo, Mpanda
20 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo.

Tulifika salama. Gari lilipasuka gurudumu mara moja tu. Ambrosi na Restituta wameshafika kwao.

Naandika kwa sababu kwa siku mbili tulizokaa nyumba moja uliniambia maneno matatu, "Chumvi ipo pale," nami nikaogopa kuyajibu.

Nilisoma kama ulivyoandika. Mstari wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko kukohoa. Nimebeba ule mzigo mwaka mzima, nimepoteza usingizi, nimeandika kurasa tatu, na kumbe ulikuwa jina moja la kutamka. Nilipolifikia nilisahau ulichonikataza, nikainua macho kutazama jikoni. Ulikuwa umesimama mlangoni na mwiko. Sikujua mpaka dakika ile kwamba hukwenda Karema. Hukutikisa kichwa. Uliingia ndani, na nikasikia mfuniko unawekwa kwenye sufuria.

Nilitegemea minong'ono. Dada, hapakuwa na kitu! Watu wote wa Kapalamsenga waliendelea kukaa kama walivyokaa. Walikuwa wanajua tangu siku baba alipokuleta. Nilikuficha kwa watu waliokuwa wanakujua kabla mimi sijazaliwa. Wageni wangu wachache ndio walioshtuka, na mama mkwe hajanisemesha mpaka leo. Nilikuwa namlinda baba ambaye yeye mwenyewe alikupakia kwenye baiskeli mchana kweupe, njia nzima, kila mtu akiona.

Baada ya msalaba kusimikwa bibi Pudensiana alinivuta pembeni kwa fimbo yake. Nilidhani atanipa mkono. Akasema, "Mwaka huu umehesabu vizuri, mwalimu." Akaenda zake kuchukua wali. Sijawahi kupata maksi za aibu kama zile.

Nimefika ukurasa wa 540. Kitabu nitakirudisha nikimaliza. Skola ameniuliza kama kweli wewe ni shangazi yake, nikamwambia ndiyo, akauliza kwa nini hakuambiwa, nikamwambia baba yake alikuwa mwoga. Ameandika karatasi yake mwenyewe, hakutaka niisome. Naiweka humu ndani.

Mdogo wako,
Deo


Kapalamsenga
10 Novemba 2024

Deo,

Huku mvua zimeanza. Msalaba haujapata ufa. Kuku ni kumi na tatu, wawili wa Skola, mwambie awape majina.

Karatasi yake nimeipata. Ameandika "Shikamoo shangazi" kwa herufi zilizojaza ukurasa wote, hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Nimemwitikia kwenye karatasi yake. Nilipomaliza kalamu ilikuwa bado mkononi, nikatoa barua zako kabatini, nikazihesabu. Shikamoo zako ni sita, pamoja na ile ya Septemba, uliyosema hata kama sitaiitikia. Na hiyo nimeihesabu.

Marahaba.

Kitabu usikirudishe. Kimalize, halafu msomee Skola, usimruke ndama. Kitambaa kiache kilipo.

Simu nachukua Jumanne kwa mwenye duka. Piga saa kumi jioni, nikishamaliza kulisha kuku. Nitapokea. Lakini usianze na pole.

Dada yako,
Yustina